Ukoo wa Mkwe

Ombi la tatu lilirudi kabla Sekela hajakaa sawasawa kwenye kiti. Kioo kiliandika maneno yaleyale ya jana: "Ombi halikuanza. Gharama iliyokadiriwa imezidi kiwango." Chini yake, kwa herufi ndogo, Ghala la Afya la Nyanda za Juu lilimshukuru kwa uvumilivu wake.

Uvumilivu gani? Mtoto wake wa pekee, Bupe, alikuwa amelala hospitalini ng'ambo ya barabara, uboho wa mifupa yake umeacha kutengeneza damu. Daktari aliyekuwa akisema "tutaona" wiki nzima alikuwa amebadili lugha asubuhi hiyo. "Mama Bupe," alisema, "mtafute mtu wa kumtolea uboho kabla ya kesho jioni. Baada ya hapo hata akipatikana, mwili wa mtoto hautaupokea." Alisema hivyo huku akiangalia viatu vyake, na Sekela akajua kwamba hapo hakuna mazungumzo tena.

Mtu huyo alikuwapo. Hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu. Damu ya Bupe ilikuwa na alama adimu aliyoirithi kwa baba yake, Gwamaka, na alama hiyo haikupatikana ila katika ukoo wa kina Gwamaka. Gwamaka mwenyewe alifukiwa na maporomoko ya Itete pamoja na nusu ya boma lao. Walionusurika walitawanyika, huyu Sumbawanga, yule Songea, wengine hakuna aliyejua hata walikoelekea, na kumpima upya kila mmoja kungechukua siku ambazo Bupe hakuwa nazo. Ni Ghala tu lililojua nani yuko wapi na nani ana alama gani, maana kila mtu wa kanda nzima alikuwa ameandikishwa humo, damu yake imepimwa, na makazi yake yanafuatwa kwa kidude kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi ya bega. Kuliuliza Ghala lilikuwa jambo la dakika chache. Ila Ghala lilikataa kuulizwa.

Na aliyekataa hakuwa mtu ambaye ungeweza kumpigia magoti. Alikuwa Mratibu.

Tangu miaka ya ukame, mabwawa yalipobaki matope, Ghala liliendeshwa kwa umeme wa mvuke wa mlimani peke yake, nao haukutosha kila mtu kuuliza apendavyo. Kwa hiyo kila ombi lilipitia kwanza kwa Mratibu. Yeye hakuwaangalia watu waliomo ghalani. Kuwaangalia tu kungemaliza umeme. Aliangalia takwimu, yaani muhtasari: katika kila watu elfu, wangapi ni wa ukoo fulani, wangapi ni wa wilaya fulani. Kisha akachagua njia. Takwimu zikimwambia kwamba wanaotafutwa ni wachache, alipitia kwenye faharasa, kama mtu anavyofungua kurasa za mwisho za kitabu kulitafuta neno analolitaka. Zikimwambia kwamba neno hilo limejaa katika kila ukurasa, faharasa haikuwa na faida, afadhali kukisoma kitabu chote. Kukisoma chote kulikuwa ghali, na ombi lililokadiriwa kuwa ghali halikuanza kabisa.

Sekela aliyajua haya kuliko alivyojua sala zake. Yeye ndiye aliyeajiriwa kumjaribu Mratibu: kumtegea maswali, kumbadilishia takwimu, kuona anachagua njia ipi na kwa nini. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika taarifa zilizosema kwamba Mratibu anachagua vizuri.

"Umekata rufaa?" aliuliza Ambakisye, msimamizi wa zamu, akiwa amesimama nyuma yake. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kuingia chumba chochote hata kama ni chake.

"Rufaa inasikilizwa Jumatatu, kaka."

"Leo Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani." Sekela aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeuliza kwa ukoo. Ukoo una faharasa. Zamani ningeuliza kwa alama yenyewe, lakini faharasa ya alama mliifuta mwaka wa mgao ili kuokoa umeme. Haya, nimeuliza kwa ukoo. Ukoo mmoja wa milimani una watu wangapi? Hawajazi hata kanisa! Kwa nini auone ghali?"

"Sijui, Mama Bupe."

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Ambakisye alikohoa. Sheria ilikuwa wazi: mfanyakazi haruhusiwi kugusa shauri la ndugu yake. "Uliza kwenye Kivuli," alisema mwishowe. "Kwenye Kivuli tu. Mimi sijakuona."

*

Kivuli kilikuwa nakala ya Ghala isiyo na watu. Takwimu zote zilikuwamo, faharasa zote zilikuwamo, Mratibu mwenyewe alikuwamo, ila ukifungua masanduku hukumkuta mtu hata mmoja. Huko ndiko wajaribu walikofanyia kazi. Ungeweza kumuuliza Mratibu angepita njia gani, naye angekueleza bila kinyongo, lakini jibu la swali lenyewe hungelipata kamwe. Sekela alikuwa akipapenda mahali hapo kwa utulivu wake. Asubuhi hiyo alipachukia.

Aliandika ombi lake kama lilivyokuwa, akaongeza amri ya kumtaka Mratibu ajieleze.

Mratibu akajieleza. Njia: kusoma ghala zima. Sababu: ukoo unaotafutwa ndio mkubwa kuliko koo zote za Nyanda za Juu, wa pili wake unafuata kwa mbali. Jina la ukoo: Mkwe.

Sekela alisoma mara ya pili, kisha ya tatu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nani amewahi kukutana na mtu wa ukoo wa Mkwe? Yuko wapi mzee wao, wanazikana wapi, ng'ombe wao wana chapa gani? Halafu akakumbuka.

Kwao milimani mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake. Hamtaji kwa jina lake wala kwa jina la ukoo wake, na ikiwa jina hilo limefanana na la kitu cha nyumbani, kitu hicho mkamwana hukitafutia jina jingine. Kuna bibi mmoja aliyeita mvua "yale ya juu" mpaka akazikwa, na hakuna aliyemcheka. Sasa magari ya uandikishaji yalipopanda milimani, wanaume walikuwa machimboni, na nyumba ziliandikishwa na wanawake. Mashine iliuliza kwa sauti yake ya upole: "Ukoo wa watoto hawa?" Nao, mmoja baada ya mwingine, kijiji baada ya kijiji, wakainamisha macho na kujibu: "Wa mkwe." Mashine ikaandika Mkwe. Haikuwa imefundishwa adabu, basi.

Sekela naye alijibu hivyohivyo alipomwandikisha Bupe, aliyezaliwa baadaye. Na diploma yake yote! Mama mkwe wake alikuwa amekaa nyuma yake kwenye foleni, angefanyaje?

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Miaka mingi alikuwa akifundisha wageni kazini kwamba Mratibu akikosea, takwimu zake zimechakaa. Zikusanyeni upya, atapona. Takwimu hizi hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa sahihi kabisa. Zilikuwa zimehesabu kwa uaminifu kile ambacho akina mama walikuwa wameandikisha kwa heshima, na zikikusanywa upya zitasema vilevile.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kumbukumbu ya mtoto iliweza kurekebishwa na yule aliyemwandikisha, na yeye tu, kwa kuwa ilifungwa kwa muhuri wa sauti yake. Sekela alitoka na simu ya Ghala hadi kwenye korido, akasubiri wafagiaji wapite, akaukaribia ukuta. Akalitamka jina la ukoo wa baba mkwe wake. Lilikuwa fupi. Hapa halitaandikwa, maana adabu ni adabu hata kwa msimuliaji. Akajiambia kwamba yeye haamini mambo hayo ya laana. Simu ikasema: "Imerekebishwa."

Alirudi mbio, akapeleka ombi si kwa Kivuli tena bali kwa Ghala lenyewe, sasa kwa jina la kweli. Jina lile Mratibu alikuwa karibu hajawahi kulisikia. Kwa hiyo aliliona jepesi, akachagua faharasa.

"Ombi limeanza," kiliandika kioo.

Sekela alisimama. Aliomba Mungu kwa lugha mbili. Hakuwa amemaliza kuvuta pumzi jibu lilipotoka.

"Waliopatikana: hakuna."

Bila shaka hakuna. Katika ukoo huo mpya alikuwamo mtu mmoja tu, Bupe. Wengine wote wenye damu yake walikuwa wamelala kule kwenye Mkwe, kila mmoja chini ya muhuri wa sauti ya mwanamke mwingine.

Simu yake ya mfukoni ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Tuntufye, anayemuuguza Bupe. "Mkamwana, njoo," alisema kwa sauti ya kujikaza. "Mtoto amebadilika sasa hivi. Damu inatoka puani, haikati. Sijui kimetokea nini, sasa hivi tu."

*

Hakwenda. Mtu asimlaumu haraka. Angekwenda kufanya nini pale, kushika beseni? Aliwaomba wauguzi kwa simu wamwongezee Bupe damu, akarudi Kivulini, akafanya kile ambacho mjaribu yeyote angekifikiria kwanza kama angekuwa hana aibu.

Alimdanganya Mratibu. Kwenye takwimu za Kivuli alifuta ukubwa wa ukoo wa Mkwe, akaandika kwamba hao ni watu wachache mno, wa kuokoteza. Kisha akauliza swali lake la mwanzo. Mratibu hakusita hata kidogo. Njia: faharasa ya ukoo. Gharama: ndogo. Uamuzi: lianze.

Ilikuwa rahisi mno. Kilichobaki ni kuzihamisha takwimu hizo za uongo kutoka Kivulini kwenda kwenye Ghala lenyewe, na ufunguo wa kuhamisha alikuwa nao. Wajaribu wote walikuwa nao. Aliweka kidole juu yake.

"Hicho ni Kivuli?" Ambakisye alikuwa amesahau kukohoa.

"Ni Kivuli."

"Na hicho kidole?"

Sekela hakukiondoa. "Mratibu atakubali, kaka. Nimejaribu. Atakubali."

"Atakubali, ndiyo. Halafu?" Ambakisye alivuta kiti, akakaa karibu yake. "Watu wa Mkwe ni malaki. Mratibu ataingia kwenye faharasa akidhani ni wachache. Atamtoa mmoja, amwangalie alama, arudi, amtoe mwingine, arudi. Kusoma ghala zima kungekuwa afadhali mara kumi. Na unajua sheria: ombi likishaanza halikatwi. Utashika umeme wote mpaka jua lizame."

"Nitaushika."

"Wala hutakuwa peke yako. Kila mama wa milimani aliyewahi kukataliwa, ombi lake bado liko kwenye foleni linasubiri. Yataanza yote kwa pamoja."

"Si haki yao?" Sekela alipaza sauti. "Hawa watu wamekataliwa miaka yote, hakuna hata aliyejua kwa nini! Watoto wao walikufa na sisi tunaandika taarifa kwamba mambo ni mazuri! Mimi niliziandika!"

"Ni haki yao," alisema Ambakisye. "Na sitabisha juu ya taarifa, hata mimi nilizitia sahihi." Akanyoosha mkono, akageuza kioo cha pembeni kinachoonyesha foleni. "Soma."

"Sitaki."

"Soma, dada yangu. Ndicho ninachokuomba tu."

Alisoma. Tabu Sichone, Chunya. Amejifungua asubuhi, damu haikati. Anatafutiwa mwenye damu ya kundi lake aliye karibu.

"Unanifanyia makusudi," alisema Sekela.

"Nakuonyesha foleni. Ndiyo kazi yangu." Ambakisye aliinuka taratibu. Uso wake ulikuwa umechoka sana. "Mimi sina mtoto anayekufa leo, kwa hiyo sina mdomo wa kukuhukumu. Naenda kuchukua chai. Ufunguo ni wako."

Akatoka. Sekela alimchukia kwa kutoka kwake. Angemkamata mkono, angemwita askari, angemtukana, mzigo ungekuwa wa mwingine. Sasa ulikuwa wake peke yake.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimtafutia Tabu Sichone kila sababu ya kufa. Labda hatapatikana wa kumtolea damu. Labda ana watoto wengi, na huyu wa leo ana bibi wa kumlea. Labda umeme utatosha wote wawili, nani ajuaye, hata Ambakisye anakadiria tu. Labda ameshakufa, na foleni haijaambiwa. Aliyapanga yote hayo kwa utaratibu, akayapima, na kila alipomaliza kuyapima jina lilikuwa bado liko pale kwenye kioo.

Kisha foleni ikasogea. Ombi la Tabu likaanza, likaisha, wakapatikana wawili. Sekela alishusha pumzi kama vile Tabu ni dada yake, akakaza kidole. Na nyuma ya Tabu akatokea mzee wa Usangu aliyegongwa na nyoka, anatafutiwa dawa. Nyuma yake, mapacha wa Makete wanaohitaji mashine ya kupumulia. Nyuma yao mwingine. Foleni haikuwa na mahali ambapo mtu angesema, hapa hakuna mtu, nipite.

Aliondoa kidole. Asidhani mtu kwamba alishinda kishawishi, au kwamba wema ulimjaa moyoni. Alishindwa tu kupata pengo. Alikaa akiona kwamba amemuua mwanawe kwa kutobonyeza kitu.

Na hapo, katika kukata tamaa kabisa, akili yake ya kazi ikaendelea kufanya kazi bila yeye. Watu wa Itete wamo ndani ya Mkwe. Nani alifunga muhuri wao? Siku magari yalipofika Itete, wake wote wa boma walikaa kimya, akasema mmoja kwa niaba yao: mke mkubwa wa boma, kama desturi. Aliwasemea wote, wake kwa waume, mpaka wachanga. Wote wako chini ya sauti moja.

Sauti ya Bibi Tuntufye.

*

Bupe alikuwa amelala ubavu, pamba puani, midomo myeupe. Bibi yake alikuwa amemshika mguu chini ya shuka, namna alivyomshika tangu akiwa mchanga ili apate usingizi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa hospitali wala viti vyake, kwa hiyo alikaa sakafuni juu ya kitenge.

Sekela alipiga magoti mbele yake, akamsalimu kwa kuinamisha macho, akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, faharasa, foleni, muhuri. Bibi Tuntufye alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Ninyi mna mlinzi pale mlangoni, na mlinzi huyo anaona watu wetu ni wengi kwa sababu tumekaa chini ya jina moja."

"Ndiyo, Mama."

"Unataka niwatoe. Nitaje."

"Ndiyo, Mama."

Bibi akamtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Wewe umeshataja. Leo."

Sekela aliinamisha macho tena.

"Umetaja saa ngapi?"

"Mama, tafadhali."

"Kabla ya damu hii au baada yake?"

Ilikuwa kabla. Wote wawili walijua. Ilikuwa kabla kidogo tu, na hakuna takwimu duniani ambayo Sekela angeweza kuileta pale sakafuni ikamsaidia. Milimani wanasema anayemtaja mkwe, mtoto wa nyumba hiyo hunyauka. Ndiyo maana aliyeteleza ulimi hukaa mbali na watoto mpaka wazee wa mkwe wamtakase kwa kuku na maji.

"Damu ilikuwa inakuja, Mama. Daktari alisema itakuja. Si mdomo wangu."

"Huamini."

"Siamini."

"Basi ulipolitamka hukutoa kitu," alisema Bibi Tuntufye, bila hasira. "Ulisema neno, kama mtu anavyosema 'chumvi'. Unaniomba mimi kitu kingine kabisa. Mimi naamini, mwanangu. Nimeamini tangu nilipoingia boma lile nikiwa msichana. Unaniambia nimwekee mjukuu wangu sumu kwa mdomo wangu, halafu nitegemee mlinzi wenu atakuwa mwepesi kuliko sumu."

"Asipopata uboho atakufa kesho!"

"Nimesikia."

"Basi wazee watakutakasa. Nitanunua kuku, nitanunua hata ng'ombe..."

"Wazee gani?" Bibi aliuliza. "Wazee wote wako chini ya udongo pale Itete. Hakuna aliyebaki wa kunimwagia maji. Nikitaja leo nimetaja moja kwa moja."

Sekela alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, paji lake likiwa sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe wake, mkamwana ambaye mbele ya mama huyo hajawahi hata kupiga mwayo. Aliona waziwazi alichokuwa akikifanya. Kule ofisini alikataa kumlipisha Tabu Sichone, mtu asiyemjua, akaja hapa kumlipisha huyu, aliyemlea yeye na mtoto wake tangu maporomoko. Aliona, na hakuliondoa ombi lake. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Bibi Tuntufye aliinuka kutoka sakafuni. Kisha akaomba maji ya vuguvugu. Akamfuta Bupe uso, akamtoa pamba iliyolowa na kumwekea nyingine, akamkuna kichwani taratibu katikati ya mistari ya nywele. Bupe alifumbua macho.

"Bibi, unanitekenya."

"Nakutekenya, ndiyo. Umekuwa mvivu, unalala mchana." Akamlisha vijiko vya uji, akamsubiri ameze kila kimoja, akamfunika mpaka kidevuni. Alimshika mguu chini ya shuka, akaubana, akauachia. Halafu akaokota kitenge chake, akakikunja vizuri, akatoka nacho nje ya wodi bila kugeuka.

Kwenye korido alinyoosha mkono kupokea simu ya Ghala. Sekela akampa. Alidhani atanong'ona kama alivyonong'ona yeye. Bibi Tuntufye alisimama wima, akalitamka jina lile kwa sauti iliyojaa korido nzima, akaanza kuwataja watu wake: mashemeji, watoto wao, wajukuu, walio hai na waliokufa, kila mmoja na ukoo wake wa kweli. Wauguzi walisimama. Mwanamke mmoja wa milimani aliyekuwa kwenye benchi alijiziba masikio, akainama.

"Imerekebishwa," ilisema simu, tena na tena.

Alipomaliza alirudisha simu, akaelekea mlango mkubwa.

Sekela aliandika ombi kwenye simu hiyohiyo. Ukoo ulikuwa umeongezeka, lakini ulikuwa bado mdogo, na Mratibu, ambaye hakuwa na habari ya lolote lililotokea, alichagua faharasa kama alivyopaswa.

"Ombi limeanza."

"Waliopatikana: mmoja." Lugano, mjukuu wa shemeji mdogo wa bibi. Makazi: Tunduma. Asubuhi angekuwa ameshafika.

Sekela alipiga ukelele, akampa muuguzi jina, akakimbia nje. Bibi Tuntufye alikuwa ameshavuka geti, amesimama ng'ambo ya uzio chini ya jua kali.

"Mama! Amepatikana! Lugano, yuko Tunduma, wanampigia sasa hivi! Rudi ndani umwone mtoto!"

Uso wa bibi ulifunguka kwa furaha, mara moja, wote. Kisha akaona Sekela anakuja mbio upande wake, akarudi nyuma hatua kadhaa na kunyoosha kiganja.

"Hapohapo," alisema. "Wewe unatoka kwake. Usinifikie."

"Mama, amepona! Atapona! Huoni kwamba haikuwa kweli?"

"Atapona kwa sababu nitakaa mbali." Alikuwa akilia sasa, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. "Nitakwenda kwa dada yangu Kyela. Usimlete huko kunisalimia, hata akiwa mkubwa. Hata siku ya kuolewa kwake."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekufa. Kifo mtoto atakielewa. Hili hataliweza."

Aligeuka, kitenge kimekunjwa kwapani, akashuka na barabara ya stendi. Sekela alishika nyaya za uzio mpaka alipopotea, kisha akarudi wodini, kwa sababu kulikuwa na fomu za kutia sahihi na daktari alikuwa akimwita kwa sauti mpya, ya haraka, yenye matumaini.

Bupe alikuwa macho. Mguu wake ulikuwa umetoka nje ya shuka.

"Bibi yuko wapi?"

Sekela alikaa sakafuni, mahali palepale penye joto bado, akaupapasa mguu ule akaushika. Alijaribu kusema alichotumwa.

"Anakuja, mwanangu," alisema. "Lala. Anakuja."